Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Kawi: umeme wa saa nane usiku

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kawi na Petroli,
Jamhuri ya Kenya,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kapseret, kaunti ya Uasin Gishu. Kabla ya neno lolote nakuomba radhi kwa kukuandikia hadharani. Mtu aliyelelewa vyema hubisha hodi, husubiri akaribishwe, ndipo hueleza lililomleta. Mimi nimebisha hodi mbele ya taifa zima. Nimefanya hivyo kwa sababu jambo ninalolileta si langu peke yangu, na kwa sababu sikuona mlango mwingine ambao mwalimu wa ufundi angeweza kupitia akafika kwako. Ukiona nimekosa adabu mahali popote, tafadhali nakusihi ulihesabu kosa hilo kuwa la kalamu.

Nafundisha ufundi wa vyuma. Kwa miaka mingi nimewaongoza vijana kukata, kukunja na kuchomelea: mageti, madirisha, stendi za matangi, mashine za kupukuchua mahindi, plau za wakulima wa Ngeria na Megun zilizovunjika msimu ukiwa umepamba moto. Karakana yetu haiko mbali na uwanja wa ndege wa Eldoret. Ndege ya mizigo inapotua hatusikilizani, nasi hunyamaza mpaka ipite. Ni katika karakana hiyo nimepata wazo ambalo, kwa idhini yako, ningependa kukueleza taratibu.

Niruhusu nianze na kengele. Shule moja jirani ilikuwa na kengele ya kipande cha reli, kilichoning'inizwa mtini tangu wazazi wa watoto wa leo wakiwa wanafunzi hapo. Asubuhi moja kipande hakikuwepo. Mnyororo ulikuwa umekatwa. Hakuna aliyeuliza kilikokwenda. Kilikwenda kwenye mizani ya chuma chakavu. Mwalimu mkuu aliniomba nitengeneze kengele nyingine, nami nikaenda kununua chuma cha kuitengenezea pale pale panapouzwa skrepu. Nilipokuwa nikihesabu pesa, mkono wangu ulikuwa mzito.

Yaliyotupata sisi kwa kengele, Mheshimiwa, yalilipata taifa kwa minara ya umeme. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya laini ya Kiambere kwenda Embakasi ilianguka na nchi ikaingia gizani. Siku chache baadaye Rais wa wakati huo, Mheshimiwa Uhuru Kenyatta, alipiga marufuku biashara ya chuma chakavu. Marufuku hiyo ilidumu miezi michache. Sikuilaumu, wala leo siilaumu. Lakini wale vijana niliowafundisha walikaa bila kazi, maana sehemu kubwa ya nondo, anglain (vyuma vya pembe) na mirija tunayotumia hutokana na skrepu iliyoyeyushwa au na vyuma vilivyoletwa kwa meli. Mwizi wa kengele na fundi mwaminifu wanakunywa maji ya kisima kimoja, nacho hakitoshi.

Mawe yenye chuma tunayo. Yapo Kishushe, Taita Taveta. Yapo Marimanti, Tharaka Nithi. Jirani zetu wa Tanzania wana Liganga kule Ludewa, na Uganda wana Muko, kusini magharibi. Swali linalozungumzwa kila mara katika nchi hizi ni nani ataleta mtaji wa kujenga tanuru kubwa. Nakuomba kwa unyenyekevu, kabla swali hilo halijajibiwa na wenye tanuru, ulisikilize swali la fundi: je, lazima iwe tanuru ya makaa?

Jiwe la chuma, Mheshimiwa, ni kutu. Ni chuma kilichoshikamana na oksijeni. Katika jiwe safi la aina ya hematiti, kila kilo 100 zina karibu kilo 70 za chuma. Zilizobaki ni oksijeni. Kazi yote ya kufua chuma tangu kale ni kuwatenganisha wawili hao. Wazee wa Kihaya kule Kagera waliifanya kwa makaa ya miti na mivukuto, katika tanuru za udongo wa kichuguu. Walipoombwa kuirudia kazi hiyo katika miaka ya 1970, miongo mingi baada ya kuiacha, walikumbuka, na mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwamba ufundi huo, wa kupasha hewa moto kabla haijaingia tanuruni, una umri wa zaidi ya miaka 1,500. Naitaja habari hii kila ninapopata darasa jipya, kwa sababu kijana anayedhani chuma kilikuja na meli hushika nyundo tofauti na anayejua kilikuwepo.

Makaa hutenganisha chuma na oksijeni kwa kuishawishi oksijeni imwache chuma iende na kaboni. Wakiondoka pamoja, ndio hewa ya ukaa. Katika tanuru kubwa za leo, zinazotumia makaa ya mawe, kila tani moja ya chuma cha pua huacha karibu tani mbili za hewa hiyo angani. Dunia hutengeneza tani zinazokaribia bilioni mbili za chuma cha pua kwa mwaka. Ndiyo maana kazi hii moja hubeba takribani asilimia 7 ya uchafu wote wa hewa ya ukaa unaotokana na binadamu. Nchi yetu ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu mwaka 2019, kupitia baraza la kuamua kesi za mazingira. Ingenihuzunisha sana kuona makaa yale yale yakirudi kwa mlango wa chuma.

Ipo njia nyingine ya kuwatenganisha, na hapa naomba uvumilivu wako, maana nitakupeleka nyuma ya karakana penye ndoo.

Ni ndoo ya plastiki yenye maji na vijiko kadhaa vya magadi, yale yale ya Ziwa Magadi. Ndani yake naning'iniza kifaa kilichoshika kutu, tuseme diski ya plau, nakiunga na upande hasi wa betri ya gari. Upande chanya naunga kipande cha chuma kisicho na kazi. (Nawaonya vijana wasitumie chuma kisichoshika kutu upande huo, kwa sababu hutoa sumu majini, na ndoo isiwekwe ndani ya chumba, kwa sababu mapovu yake ni hidrojeni, ambayo hulipuka.) Usiku kucha mapovu hupanda. Asubuhi kutu nyekundu imekuwa nyeusi na laini, inatoka kwa brashi. Sehemu kubwa ya kutu hiyo haijawa chuma, ni aina nyingine tu ya kutu iliyopungukiwa na oksijeni. Lakini sehemu ndogo imerudi kuwa chuma, bila moto, bila makaa, kwa betri na magadi. Mara ya kwanza nilipoelewa ninachokitazama nilikaa juu ya tofali, na sikuinuka mpaka chai iliponipoa mkononi.

Hiyo ndiyo elektrolisisi. Wenzetu duniani wamechukua kitendo hicho cha ndoo wakakifanya kazi ya kiwanda, na si wote wameelekea upande mmoja. Tofauti kati yao ndiyo kiini cha barua hii.

Kampuni ya Boston Metal ya Marekani, iliyotokana na kazi ya Profesa Donald Sadoway na wenzake katika chuo cha MIT, huyeyusha jiwe zima kwenye joto la karibu nyuzi 1,600 kisha hupitisha umeme ndani ya ule uji wa moto. Chuma hukusanyika chini kikiwa kimiminika, oksijeni hupanda juu. Ni kazi ya ajabu na naistahi. Ila seli ya namna hiyo haiwezi kuzimwa na kuwashwa upendavyo, maana ikipoa, uji huganda. Sote tunakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika nchi nzima.

Njia ya pili ni baridi. Kule Maizières-lès-Metz, Ufaransa, watafiti wa ArcelorMittal na washirika wao, katika mradi ulioitwa SIDERWIN, walisaga jiwe likawa unga, wakalichanganya na maji ya soda ya kaustiki kwenye nyuzi 110, wakapitisha umeme. Chuma kikajijenga juu ya bamba kama ukoko. Kampuni ya Electra, huko Boulder, Colorado, hutumia asidi badala ya soda, kwenye nyuzi 60 tu, joto lisilofikia lile la chai. Seli hizi za baridi zinaweza kupunguzwa, kuzidishwa na kusimamishwa kufuatana na umeme uliopo. Ukikatika, kinachobaki ni maji ya uvuguvugu yanayosubiri.

Mheshimiwa Waziri, wewe unajua kuliko mimi jinsi umeme wa nchi hii unavyopanda na kushuka. Jioni, watu wanapopika na kutazama habari, mahitaji hupaa. Mwaka 2025 kilele chake kilivuka megawati 2,300, na wapo wanaolazimika kukatiwa ili wengine wapate. Siombi hata wati moja ya jioni. Lakini ikifika saa nane usiku nchi imelala. Visima vya Olkaria havilali. Mvuke wa ardhini hautambui usiku, hupanda vile vile, na kwa kuwa hakuna wa kuununua umeme wake, mitambo hupunguzwa na mvuke mwingine huachiliwa hewani. Taifa linaloongoza Afrika kwa jotoardhi, lililoanza Olkaria mwaka 1981 kwa mtambo mmoja wa megawati 15, hutoboa ardhi kwa gharama kubwa kisha hupuliza sehemu ya matunda yake mawinguni.

Serikali haikulala kuhusu hili, nami natoa shukrani. Tangu Desemba 2017 wenye viwanda wanaozidisha matumizi yao ya usiku wamekuwa wakipewa punguzo la nusu ya bei ya nishati. Tatizo ni kwamba viwanda vingi haviwezi kuwaamrisha wafanyakazi na mitambo yao wafuate saa za mvuke. Kinachotakiwa ni kiwanda ambacho kwa maumbile yake kinapenda usiku, kisichokasirika kikiambiwa jioni kitulie. Seli ya baridi ya chuma ndiyo mteja huyo. Sijaona mteja mwingine anayelingana na mvuke wetu kiasi hicho.

Nami kama mchomeleaji naona jambo ambalo huenda mhandisi asilitaje kwa sababu kwake ni dogo. Mashine yangu ya kuchomelea hutoa volti chache, ishirini na kitu, na ampia nyingi, 150 hivi. Seli ya chuma ni ndugu yake: volti mbili hazifiki, ila ampia hazihesabiki. Hesabu ya kemia inasema ampia 1,440 zikipita saa moja bila kupotea, huacha kilo moja ya chuma. Maana yake ampia 150 za mashine yangu, zikipita katika seli moja kwa saa kumi, zingeacha karibu kilo moja. Vijana wangu wanazijua nyaya nene, wanajua kiungio kilicholegea hupata moto, wanajua kuheshimu mkondo. Hawatafundishwa kuanzia sifuri.

Na soda? Magadi ni yetu. Magadi yakichemshwa na chokaa hutoa soda ya kaustiki. Ni somo la kidato. Na ile oksijeni inayotoka seli inapofanya kazi? Kila kilo 100 za chuma huachilia kilo 43 za oksijeni. Mimi hununua oksijeni kwa mtungi ili nikate vyuma, nikiibeba kwa bodaboda huku moyo ukinidunda. Hospitali yetu ya rufaa mjini Eldoret huihitaji kwa jambo kubwa kuliko kukata vyuma. Ingehitaji kusafishwa na kupimwa kwanza, bila shaka, lakini ni bidhaa, si moshi.

Sasa ombi langu, na naomba nilitamke nikiwa nimesimama.

Naomba chuo kimoja cha ufundi au chuo kikuu katika eneo hili la Eldoret kipewe kilowati 50 za umeme kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, kwa bei ile ile ambayo mvuke unaoachiliwa unastahili, pamoja na ruhusa ya kujenga seli ya majaribio. Laini kuu kutoka Olkaria inafika Lessos, jirani yetu hapa Nandi, kabla ya kuendelea Kisumu. Umeme wa mvuke unapita karibu na nyumba zetu. Wanaotengeneza mitambo hii hukadiria kwamba kilo moja ya chuma hula karibu kilowati-saa 4. Kilowati 50 kwa saa nane ni kilowati-saa 400. Ni kilo 100 za chuma kila usiku. Kwa kiwanda kikubwa hicho si kitu. Kwa karakana ni geti la shule na kengele yake.

Naomba pia, kama haitakuwa kuvuka mipaka, umshauri Waziri mwenzako wa Madini atutumie magunia machache ya mawe kutoka Kishushe na Marimanti. Hapa sitaki kukupamba maneno. Mawe hayafanani. Seli ya soda hupenda hematiti. Jiwe la magnetiti huisumbua. Silika iliyomo huyeyuka na kuichafua soda. Jiwe la Liganga lina titani na vanadi, ambazo hata wenye tanuru huzilalamikia. Inawezekana kabisa baada ya mwaka mmoja tukaja kwako na kusema: jiwe hili linafaa, lile halifai, na hili lingefaa likioshwa hivi. Hayo yakiwa ndiyo matunda pekee ya kilowati 50, bado yatakuwa maarifa tuliyoyapata wenyewe juu ya mawe yetu wenyewe, na mwekezaji akija mezani atatukuta tunajua.

Wapo watakaokushauri tusubiri hidrojeni. Namibia tayari wanajaribu kutoa chuma kwa hidrojeni katika mradi wa Oshivela, jangwani karibu na Arandis, na ninawatakia kila la heri. Serikali yetu nayo ilizindua mkakati wa hidrojeni mwaka 2023. Lakini hidrojeni yenyewe hutolewa majini kwa umeme, kisha ihifadhiwe, kisha ipelekwe tanuruni. Seli huupeleka umeme kwenye jiwe moja kwa moja. Wengine watakutajia ushuru wa kaboni ambao Umoja wa Ulaya uliuanza rasmi mwaka 2026 kwa chuma kinachoingia kwao. Ni hoja ya kweli, ila si yangu, kwa kuwa mageti yetu hayaendi Ulaya, yanakwenda Kitale, Kapsabet na Malaba. Hoja yangu ni ya kijana anayemaliza cheti Novemba na kukuta bei ya anglain imepanda tena, huku mvuke wa nchi yake ukipaa usiku.

Kuna jambo moja dogo ningekusihi ulifanye hata kama mengine yote yatakataliwa, nami nitashukuru vivyo hivyo. Usiku wowote utakaokosa usingizi, ikiwa ni saa nane, tafadhali piga simu kituo cha kuongoza umeme cha Barabara ya Juja. Waulize walio zamu: kwa dakika hii, ni megawati ngapi za mvuke ambazo Olkaria ingeweza kutoa na hakuna anayezihitaji? Liandike jibu kwa mkono wako mwenyewe. Kisha ligawe kwa nne. Ukiwa umepewa megawati, kila nne ni tani moja ya chuma kwa saa.

Na siku utakayokuja kwetu kwa ndege, Mheshimiwa, utakuwa umetua Kapseret, iwe umekusudia au la. Dakika chache tu zitatutosha. Msafara wako hautalazimika kubadili njia. Ndoo iko nyuma ya karakana, chini ya paa la mabati, na wiki hii ina diski ya plau ya mama mmoja jirani anayeisubiri kabla ya kupalilia. Tutakuandalia chai ya maziwa. Ukija mchana, vijana watakuonyesha kutu inavyotoka kwa brashi. Ukija usiku, lango halitafungwa, nami nitakuwa macho.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa ufundi wa vyuma,
Kapseret, Eldoret.